Mbona midundo ni ile ile?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa mpenzi wa muziki kwa miaka mingi, lakini nyimbo zinazovuma sasa zinanichosha. Sekunde kumi za mwanzo hazijaisha nimekwisha kujua ngoma itaanguka wapi, itanyamaza wapi kabla ya kiitikio na itarudi vipi. Je, ni uzee, au watunzi wamekuwa wavivu?

JIBU: Ndugu msomaji, uzee haumo. Unachokisikia kipo kweli, ila lawama umeielekeza pasipo pake, kwa kuwa marudio si kosa, na ngoma isiyojirudia haichezeki. James Brown, mwimbaji wa funk wa Marekani, alijenga nyimbo ndefu juu ya mdundo mmoja, akilisisitiza pigo la kwanza la kila kipimo (fungu la mapigo, mara nyingi manne), wala hazimsinzishi mtu. Kinachokuchosha ni nakala.

Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, iliugawa mzunguko wa mdundo katika hatua 16, kila hatua na kitufe chake. Programu za kompyuta zilirithi mpangilio huo, na leo prodyuza anaweza kuandika vipimo vinne tu, akavinakili hadi mwisho wa wimbo, huku pigo lolote lililochelewa kidogo likivutwa likae sawasawa kwenye mstari wake. Mpiga ngoma wa mkono na mguu hawezi kufanya hivyo hata akitaka: kufikia kipimo cha nane kijiti kimesogea kuelekea ukingo wa ngoma, toazi limechelewa unywele mmoja, naye amelisikia besi likipanda na kulijibu. Sikio hulitambua jambo hilo hata kama mwenye sikio hana jina la kuliita.

Hata hivyo mashine nayo nisiionee. J Dilla, prodyuza wa hip hop kutoka Detroit, aliitumia mashine huku akiyaacha mapigo yake bila kuyanyoosha, na ngoma zake husikika kama mtu anayejikwaa kisha akasimama vizuri.

Kuhusu ule ukimya kabla ya kiitikio, hapo nakubaliana nawe: ni uvivu mtupu.

Wimbo ukikuudhi tena, iache ngoma kubwa, ufuatilie besi na matoazi kwa vipimo vinane. Ukikuta huko nako hakuna kilichosogea, zima redio.