Miguu ikigeuka magogo: kwa wewe uliyeanza mazoezi juzi

Mara ya kwanza kukimbia mita 400 kwa nguvu zangu zote, mita 250 za mwanzo nilijiona shujaa. Kutoka kwenye kona ya mwisho, miguu ikageuka magogo. Magoti yaligoma kunyanyuka, mapaja yaliwaka kama yamepakwa pilipili, na wenzangu wakanipita mmoja mmoja. Nilivuka mstari nikajibwaga kwenye nyasi. Kocha aliyekuwa akitufundisha akanisimamia kichwani: "Hiyo ni asidi. Kesho njoo ukimbie tena kwa nguvu, uitoe." Nikaja, nikakimbia, tena safari hii kwenye mteremko. Siku mbili baadaye nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume huku nimeushika ukuta.

Ilinichukua miaka kujua kwamba ushauri ule mfupi ulibeba makosa mawili. Ndiyo maana mgeni akija uwanjani siku hizi, kabla sijamfundisha hata namna ya kurusha mikono, namkalisha chini kwanza tuzungumze habari ya msuli.

Kinachoufanya msuli ujikunje ni molekuli moja tu inayobeba nishati, ATP. Wanga na mafuta unayokula ni malighafi ya kuitengeneza upya. Akiba yake ni ndogo ajabu: mwili mzima unabeba gramu kama 100 hivi, nazo kwenye mbio za kasi haziendi zaidi ya sekunde mbili tatu. Kwa hiyo tangu hatua ya kwanza mwili unahangaika kuifidia. Wa kwanza kuingia kazini ni kreatini fosfati, ambayo imo humohumo msulini na hufidia papo hapo, lakini ndani ya sekunde 10 hivi imeshapungua sana. Wakati huohuo msuli unasaga glukosi, yaani sukari, bila kusubiri oksijeni. Njia hii ni ya haraka lakini ina hasara: glukosi moja inatoa ATP mbili tu, wakati ikipelekwa hadi kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, na kuchomwa kwa oksijeni inatoa kama 30. Tatizo la mitokondria ni kwamba haina haraka.

Usidhani njia hizi hupokezana vijiti, moja ikimaliza ndipo nyingine ianze. Zote zinafanya kazi tangu mlio wa bastola, kinachobadilika ni nani amebeba mzigo mkubwa. Hata kwenye mita 400 zilizoniangusha, zaidi ya theluthi ya nishati inatoka kwenye oksijeni. Wengi hawaamini nikiwaambia.

Sasa tuje kwa mshitakiwa wetu, ile "asidi" ya kocha. Glukosi ikisagwa kwa kasi kuliko mitokondria inavyoweza kupokea, mabaki yake hugeuzwa kuwa laktati. Kugeuzwa huko si ajali. Ndiko kunakorudisha kemikali ambayo usagaji unaihitaji ili uendelee. Bila laktati, mtambo ungesimama na wewe ungesimama nao. Ukali wa asidi ndani ya msuli upo kweli, maana ioni za haidrojeni huongezeka, na fosfati inayobaki baada ya kreatini fosfati kuvunjika nayo huvuruga kujikunja kwa msuli. Lakini laktati yenyewe imebebeshwa lawama nyingi zisizo zake.

Lawama zilianzia mbali. Mwaka 1907, wanasayansi Fletcher na Hopkins kule Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba misuli ya chura iliyokatwa na kuchokozwa bila oksijeni hujaa asidi ya laktiki, na ikipewa oksijeni asidi hupungua. Hill na Meyerhof wakaichimba zaidi hadi wakatunukiwa Nobeli ya mwaka 1922. Kazi yao ilikuwa nzuri, ila paja la chura lililo mezani halina damu inayozunguka, halina moyo wala ini. Wewe unavyo. Carl na Gerty Cori walionyesha kwamba laktati husafiri hadi kwenye ini, ikageuzwa glukosi na kurudishwa kazini. Baadaye, miaka ya 1980, George Brooks wa Marekani akaeleza jinsi inavyohamishwa kutoka nyuzi za msuli zinazoizalisha kwenda kwa nyuzi nyingine, na kwa moyo, ichomwe kama kuni. Yaani kile nilichoambiwa nikitoe ni chakula cha moyo wangu mwenyewe.

Halafu kinaondoka chenyewe. Ukikaa tu baada ya mbio kali, laktati ya damuni hupungua nusu ndani ya dakika kama 20, na saa moja hivi baadaye imekaribia kiwango chake cha kawaida. Ukitembea au kujikokota mbio nyepesi inaondoka haraka zaidi, kwa sababu misuli inayofanya kazi taratibu inaitumia. Kwa hiyo usijibwage kwenye nyasi kama mimi, tembea. Ila usitarajie kwamba dakika zako 10 za kupoza mwili ndizo zitakazokuokoa na maumivu ya kesho.

Maumivu ya kesho ni kesi nyingine kabisa, na hapo ndipo kosa la pili la kocha wangu. Ule ugumu unaoanza siku inayofuata na kuwa mkali kati ya saa 24 na 72 hauwezi kutoka kwenye laktati iliyokwisha ondoka jana yake. Unatokana na michubuko midogo sana kwenye nyuzi za msuli na uvimbe unaofuata. Kinachouleta zaidi ni kazi ambayo msuli unafanya huku ukirefuka: kushuka mlima, kuteremsha chuma polepole, kwenda chini unapochutama. Ule mteremko ndio ulionimaliza. Habari njema ni kwamba ukirudia zoezi hilohilo wiki chache baadaye, maumivu hupungua sana, hivyo anza na kidogo. Lakini maumivu yakiwa makali kupita kiasi, msuli umevimba na mkojo una rangi ya chai isiyo na maziwa, acha kila kitu uende hospitali siku hiyohiyo. Msuli ukivunjika sana mabaki yake huumiza figo.

Sehemu ambayo wageni wengi huikosea ni mapumziko ya katikati. Kijana mmoja alikuja kwangu akilalamika kwamba kasi yake haiongezeki. Nikakaa na saa, yeye akakimbia mita 60 mara sita. Kila alipomaliza alirudi kwa mwendo wa haraka, akapangusa jasho, akainama kwenye mstari, hata dakika haijaisha. Mbio ya sita ilikuwa nyuma ya ile ya kwanza kwa zaidi ya sekunde nzima. Alikuwa anatoka jasho kweli, lakini kasi hakuwa anaifanyia mazoezi. Alikuwa anafanya mazoezi ya kuvumilia kuchoka. Kreatini fosfati hurudi karibu nusu ndani ya sekunde 30, na nusu iliyobaki inataka dakika tatu hadi tano. Wiki iliyofuata nikamlazimisha asubiri dakika nne. Alichukia, alidhani namlegeza, akawa anazunguka zunguka akiniangalia kwa jicho la pembeni. Mbio zote sita zikatoka karibu sawa.

Ukitaka ule moto wenyewe wa mapajani, fupisha mapumziko kwa makusudi, mara moja au mbili kwa wiki, basi. Glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa msulini, ukiimaliza inahitaji siku nzima au zaidi na chakula cha kutosha ili ijae tena. Ndiyo sababu siku mbili ngumu mfululizo huwa unaiona ya pili ni kama miguu ya mtu mwingine.

Siku nyingine zote, nenda polepole kuliko unavyoona aibu. Huko ndiko mitokondria inakoongezeka pamoja na mishipa midogo ya damu, na msuli unazoea kuitumia laktati yake badala ya kuirundika. Kipimo changu hakina mashine: nakimbia na mwenzangu tukipiga soga, na yeyote akianza kujibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu, tunapunguza mwendo wote wawili.