Mpiga besi mgeni akae benchi miezi sita?

Mbukwenyi, na Bwana asifiwe mtumishi. Umeuliza hivi: kijana amehamia Nkuhungu, anapiga besi, anataka kujitolea kwenye timu ya sifa, na wazee wamesema akae miezi sita kwanza "aangaliwe". Huu ni mwaka wangu wa tisa na timu ya sifa hapa Dodoma, nilianza kama mbeba spika. Nikujibu kwa niliyoyaona.

Miezi sita ya benchi ndiyo iliyotukosesha mpiga kinanda. Alikuwa mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kila Jumapili anashuka kwa daladala, anakaa mstari wa nyuma, ibada ikiisha anaondoka. Hakuna aliyemwambia aje hata mazoezini. Siku moja namkuta harusini anaipigia kwaya nyingine. Akanisalimia vizuri tu, aibu ikabaki kwangu.

Aliyefuata tukampandisha jukwaani siku ile ile aliyojitambulisha. Mama mmoja akaanzisha pambio bila kutoa ki, yaani sauti ambayo wimbo unakaa juu yake, si unawajua mama zetu, na kijana wa watu akawa anabonyeza transipozi, kile kitufe cha kinanda cha kupandisha na kushusha ki, katikati ya wimbo, sauti inaruka juu, inaruka chini. Watoto wakacheka. Hatukumwona tena.

Tangu hapo mgeni anaingilia mazoezini. Wiki ya kwanza tu anakuja na gitaa lake, anapiga na sisi, jukwaa baadaye. Barua ya utambulisho kutoka kanisa alilotoka mchungaji anaifuatilia wakati huo huo. Hao wazee wako wataona mengi zaidi Alhamisi moja ya mazoezi kuliko miezi sita ya kumtazama kisogo: anafika saa ngapi, anakunja nyaya au anaziruka, akiambiwa apunguze anapunguza au ananuna.

Ila kuna kitu hukusema: besi sasa hivi anapiga nani? Kama yupo, hata kama anabahatisha, mwambie yeye kwanza kabla mgeni hajachomeka waya. Ugomvi mwingi wa timu za sifa niliowahi kusuluhisha ulianzia hapo, mtu kukuta nafasi yake ina mwenyewe mwingine. Na kwa mji huu wawili ndiyo salama. Chuo kikifungwa wanafunzi wanaondoka, na Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka Juni, watumishi wa wizarani mazoezini unawasikia kwa simu tu.

Pesa msizungumzie pembeni. Sisi tunasema siku ya kwanza: posho hakuna. Lakini nyuzi kanisa linanunua, betri ya volti 9 ya besi kanisa linanunua, na mazoezi yakivuka saa mbili usiku bodaboda tunalipa. Anayejitolea anatoa muda wake, asitoe na nauli ya watoto.

Halafu msidhani mwanamuziki ni mwenye gitaa la umeme tu. Alikuja kwetu babu mmoja wa Chamwino na ilimba yake, ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwenye mfuko wa salfeti. Mpiga kinanda wetu akatafuta ki karibu robo saa, hakuipata, kwa sababu ilimba ya Kigogo haikutuniwa kwa ngazi ya kinanda. Tukamwomba babu asogeze vile vyuma kidogo, maana vikisukumwa mbele au nyuma sauti inabadilika. Akasema, "Mjukuu wangu, nikisogeza hivi, nyimbo zangu zote zinapotea." Basi tukazima kinanda. Akapiga na ngoma moja na makofi, na wale bibi ambao siku zote hulalamikia spika wakasimama wenyewe. Sasa ana nafasi yake kabla ya sadaka, na hakuna anayemfuata na ala nyingine.

Kwa hiyo huyo kijana wako mpigie leo, aje mazoezi ya wiki hii. Mpeni nyimbo nne za Jumapili mapema na ki zake, azisikilize nyumbani. Na muulizeni besi yake inatumia betri au la, mkanunue kabisa kabla maduka hayajafungwa. Sisi tuliwahi kufanya mazoezi mazima besi ikiwa bubu, kila mtu anailaumu miksa.