Maswali ya Wasomaji: Feni inapoza kwenye kompyuta, mezani haipozi

SWALI: Boksi langu la chuma lina saketi zinazotoa joto la wati 120. Mbele kuna bati la matundu, nyuma feni inayotoa hewa nje, ya mita za ujazo 68 kwa saa kwa mujibu wa mtengenezaji. Kwenye simulesheni (programu ya kompyuta inayokokotoa mtiririko wa hewa) nimeweka kasi ya hewa mbele, nikaweka kasi ileile nyuma. Inaonyesha hewa ikipanda nyuzi 5. Kipimajoto kinasema 10. Tena hesabu haitulii, namba zinazidi kubadilika.

JIBU: Gawanya 120 kwa (1.2 × 1005 × 0.0189), yaani uzito wa hewa kwa mita ya ujazo, joto inalobeba kila kilo kwa nyuzi moja, na zile 68 zikigeuzwa kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Unapata 5.3. Simulesheni haijadanganya, imekurudishia ulichoilisha. Ukigeuza hesabu, nyuzi 10 zina maana kwamba hewa inayopita ni kama mita za ujazo 36 kwa saa. Ikiwa joto jingine linatoka nje kupitia kuta za boksi, ni pungufu ya hapo.

Zile 68 hupimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele wala nyuma. Ndani ya boksi haifiki huko.

Futa kasi zote mbili. Ukizibana pande zote na maeneo ya matundu yakatofautiana, kinachoingia hakilingani na kinachotoka, na presha haina pa kuanzia. Ndiyo maana hesabu haitulii. Penye feni ingiza grafu yake ya presha dhidi ya ujazo wa hewa, nukta sita hadi nane (milimita 1 ya maji ni paskali 9.81, wengi hujikwaa hapo). Kisha weka presha ya geji (tofauti na presha ya hewa ya chumba) kuwa sifuri nje ya feni na nje ya matundu, na joto la chumba upande wa matundu. Programu itatafuta yenyewe mahali ambapo presha ya feni inalingana na kizuizi cha boksi. Feni ichore kama pete, kwa sababu katikati penye mota hapapitishi hewa.

Matundu usiyachore moja moja, utaimaliza kumbukumbu ya kompyuta bure. Weka kizuizi bapa chenye kigezo cha upotevu wa presha, yaani namba inayoonyesha bati linaizuia hewa kiasi gani. Kwa bati jembamba lililo wazi asilimia 50 ni kama 4, ukitumia kasi ya hewa kabla ya matundu. Likiwa wazi asilimia 30 kinaruka hadi 18 hivi! Huenda nusu ya hewa yako imeishia hapo.

SWALI: Programu inaonya kuwa hewa inarudi ndani kupitia njia ya kutokea. Nipuuze?

JIBU: Onyo likitoweka baada ya mizunguko ya mwanzo, puuza. Likibaki, mpaka wa eneo la hesabu umekatwa mahali hewa inapojizungusha: usogeze mpaka huo mbali na boksi. Na kama nyuma kuna ukuta wa karibu, chora pia hewa ya nje, maana ile ya moto inaweza kuzunguka ikaingia tena mbele.