Nifungie ng'ombe bandani au niendelee kuchunga?

SWALI: Shikamoo mzee wa mifugo. Mimi niko huku Kiruhura, Uganda, nina ng'ombe saba wa kukamua, chotara wa friziani na Ankole, nachunga tu kama baba alivyochunga, mchana mara moja nawapeleka bwawani kunywa. Jirani yangu kajenga banda, anawakatia majani ya tembo, anakamua lita 18 kwa siku kwa ng'ombe mmoja. Mimi 7, na jua likikaza zinashuka mpaka 4. Tukikutana kupeleka maziwa wengine wananicheka, wengine wanasema banda ni hasara tupu. Nishike lipi? – Mfugaji, Kiruhura

JIBU: Marahaba. Hao wanaokucheka waulize hivi, jirani akishalipa pumba, mkata majani na daktari, anabaki na shilingi ngapi? Ndoo kujaa ni jambo moja na mfuko kujaa ni jingine. Mimi mwenyewe niliwahi kufungia wanne, mwisho wa mwaka nikaona kumbe nilikuwa namfanyia kazi muuza pumba.

Hebu piga hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anakula kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, na majani ya tembo mabichi mengi yake ni maji, kwa hiyo unakata kilo 60 mpaka 80 kwa kila mmoja. Saba hao ni karibu nusu tani kila siku, jumapili na siku ya msiba pia. Una mtu wa kuzikata?

Ila umenigusa hapo kwa bwawa. Maziwa ni maji, kama asilimia 87, sasa ng'ombe anakunywa mara moja tu halafu anatembea juani kurudi, hayo maziwa yatoke wapi jamani? Kabla hujanunua hata bati moja la banda weka tangi na birika karibu na malisho wanywe wanapotaka, halafu uone ndoo.

Pili ni majani yenyewe. Ukiwaacha wazurure shamba zima wanang'ata yale machanga kila siku mpaka yanakufa, na yale mengine yanatoa maua yanakuwa makuti, tumbo linajaa maziwa hakuna. Gawa kwa senyenge, sehemu moja ipumzike wiki tatu au nne wakati wa mvua. Ile itakayobaki ikate ikianza kutoa maua, anika, weka ndani kwa ajili ya kiangazi cha Juni mpaka Agosti, maana ndo kinakushusha hadi 4.

Banda linashinda kwenye kupe, hapo sibishi. Chotara hahimili ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, kama Ankole mwenyewe, na dawa nyingi za kuogesha kupe wetu Uganda wameshazizoea kwa sababu watu wanapima kwa jicho na kuchanganya mbili tatu. Fuata kipimo cha kwenye chupa, na kupe wasipokufa muite daktari akubadilishie aina, usiongeze dawa.

Ukitaka kujaribu anza nusunusu, wachunge mchana, jioni uwatupie majani ya tembo zizini. Pumba, wakati wa kukamua, wape wale wawili watatu wanaotoa maziwa zaidi, yule anayetoa lita 3 tu hatakurudishia hela ya gunia.