Kampuni changa Dar: kabla ya inveta na fiba, kagua jengo kwanza (jibu refu)

Mkuu mleta mada, naona wadau wengi wamekimbilia kukutajia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri utumike kama wa TANESCO) na kampuni za intaneti. Umesema una mil 20, mko wanne, mnatengeneza programu ya kuwaunganisha mafundi na wateja hapa Dar, na unataka kujua uanze na nini kwenye umeme, intaneti na ofisi. Mimi naendesha kampuni ndogo, tunapokea oda za maduka ya mtaani tunawapelekea mzigo kwa guta na kirikuu, ofisi ipo Sinza stoo ipo Tabata. Jibu langu ni kwamba jengo ndo miundombinu yako. Umeme, maji, intaneti, mafuriko na foleni vyote unavisaini siku unayosaini mkataba wa pango, na unajua mwenyewe huku kwetu mwenye nyumba anataka miezi 6 au mwaka mzima mkononi, dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake, kwa hiyo ukiingia jengo bovu huna pa kutokea mpaka hela iishe.

Anza na mita. Ukifika pale achana na vigae na rangi ya ukuta, omba uonyeshwe LUKU. Ni yenu peke yenu au mnashea na saluni ya chini? Kama mnashea jua kila mwezi kutakuwa na kikao cha nani katumia nini, na watu wa draya na pasi hawanaga hesabu ndogo. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, yaani kila mwezi ukinunua umeme unamlipia mwenye nyumba kodi yake, hivyo iandikwe kwenye mkataba nani anaibeba. Halafu uliza ni fezi (njia ya umeme inayoingia jengoni) moja au tatu. Jengo la fezi tatu linaweza kupoteza fezi moja tu, unakuta taa za jirani zinawaka za kwako zimezima, sasa kama fundi aliweka swichi ya kuhamisha fezi unahamia ile yenye umeme, kama hakuweka utakaa unamwangalia jirani anavyochapa kazi.

Kagua volti usiku. Mchana kila nyumba ni nzuri. Nenda kati ya saa 1 na saa 3 usiku na fundi mwenye multimita achomeke kwenye soketi, inatakiwa isome 230 au karibu na hapo. Tulipokuwa tunatafuta stoo kulikuwa na nyumba moja safi sana, mchana ikasoma 228, tukarudi usiku watu wametoka makazini wamewasha AC na mafriji yao ikasoma 171, taa zinapepesa, na friji la soda la duka la nje linaunguruma halafu linazima, linaunguruma linazima. Tuliondoka bila hata kuulizia bei. Volti ya namna hiyo inaua friji, inaua pampu, na inveta yako itakuwa inahamia kwenye betri kila jioni kana kwamba umeme umekatika.

Na usimuulize dalali umeme unakatika mara ngapi, atakwambia "hapa haukatiki mkuu, hii ni laini ya hospitali". Muulize mwenye bucha. Huyo nyama yake inaoza, anajua kila kitu. Wa jirani na stoo yetu alinipa ripoti yote huku anakata mbavu, mvua ikinyesha transforma ile pale inalia, ikizima asubuhi inarudi mchana, ikizima usiku andika kesho. Kwa muda wa kupimiwa nusu kilo nikawa najua betri ya ukubwa gani inatakiwa.

Sasa umeme wenyewe. Kuna mdau juu kasema ununue jenereta kubwa kwa sababu ya mgao wa 2023. Ule mgao tuliuona wote, ila mazingira yamebadilika, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kuzalisha Februari 2024, lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Shida ya sasa kwa mtaani sio sana uhaba wa umeme, ni njia ya kuufikisha kwako, transforma imezidiwa, mti umegusa nyaya, nguzo imelala, matengenezo. Kwa hiyo jipange kwa kukatika kwa masaa 2 mpaka 6, siku nzima ni kwa nadra. Kwa masaa hayo betri inatosha, jenereta ya kuunguruma dirishani huku kastama kea anaongea na mteja ni mateso, na petroli yake ni gharama isiyoisha.

Piga hesabu ya mzigo wako kabla hujaenda Kariakoo, maana ukifika pale bila hesabu utauziwa hesabu ya muuzaji. Laptopu 4 kwa wati 50 ni 200, ruta na kile kisanduku cha fiba (waya wa intaneti unaoingia jengoni) 20, feni 2 kama 130, taa za LED 30, unapata wati 380. Betri ya maji ya volti 12 ampea-saa 200 kwa maandishi ina wati-saa 2,400 ila ukitaka idumu unatumia nusu, na inveta nayo inakula kidogo, kwa hiyo unapata masaa 3 kasoro. Lithiamu ya volti 24 ampea-saa 100 ina kiasi hichohicho kwa maandishi lakini unaweza kuikamua asilimia 80 bila kuiumiza, unapata masaa 4 na nusu hivi. Ni ghali wakati wa kununua, ila ya maji ukiikausha kila siku haitamaliza miaka miwili vizuri. Betri ya gari usiiguse kabisa, imetengenezwa kuwasha injini, sio kubeba ofisi. Na inveta iwe ya pyua sain (inayotoa umeme laini kama wa TANESCO), zile za bei chee zinafanya feni zinung'unike na chaja zichemke.

AC isiingie kwenye hesabu ya betri. AC moja ya BTU 12,000 ikifanya kazi kutwa inaweza kula yuniti 6 mpaka 8, na kwa tarifu ya kawaida elfu 10 unapata yuniti 28 hivi, fanya mahesabu mwenyewe. Ndo maana nasema chumba chenye madirisha pande mbili kinachopitisha upepo ni mali kuliko chumba cha vioo. Sola ni nzuri lakini paa ni la nani? Ukipanga bila kuandika kwamba paneli ni zako na utaondoka nazo, siku ya kuhama ndo utajua. Mimi sijaweka sola Sinza kwa sababu hiyo, betri inachajiwa na TANESCO basi.

Tukija kwenye intaneti, watu wanadhani kuwa na kampuni mbili ni kuwa na njia mbili. Toka nje uangalie nguzo. Fiba mbili za kampuni tofauti zinaweza kuwa zimening'inia nguzo moja, lori la mchanga likipita na bodi lake limeinuliwa zote chali, au wanaopanua barabara wanachimba mtaro mmoja wanakata za watu wote. Njia ya pili iwe ya hewani, ruta ya laini ya simu ya mtandao mwingine, na uipime ukiwa kwenye meza utakayokaa, ghorofa hiyohiyo, saa 4 asubuhi na saa 9 mchana, usipime ukiwa getini. Na ujue kwamba umeme ukikatika masaa mengi mnara wa simu nao betri zake zinaisha, hapo fiba inakuwa mkombozi kwa sababu kama kisanduku chako kina umeme na kwa mtoa huduma kuna umeme, inapita tu. Kuna vi-UPS (vibetri vya dharura) vidogo vya volti 12 vya kubeba ruta peke yake, nunua hata kabla ya inveta, vinafanya kazi kubwa kuliko bei yake.

Halafu kuna yale ambayo ruta kumi hazikusaidii. Sehemu kubwa ya intaneti yetu inatoka nje kwa nyaya za baharini, SEACOM iliyofika 2009 na EASSy ya 2010 zikiwemo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima ikawa inajikongoja, na Februari ya mwaka huohuo nyaya nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu huko kaskazini. Wale waliokuwa wanajisifu seva zao (kompyuta zinazobeba programu na data) zipo Cape Town karibu na nyumbani waliumia kama wa Ulaya. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, sitaki kuingia kwenye siasa, nasema tu ilitokea na mpango wako wa biashara lazima ujue inaweza kutokea. Maduka yenyewe yalifungwa kwa hiyo oda hazikuwepo, lakini kwa kuwa kila jioni mfumo wetu unashusha nakala ya stoku na madeni kwenye laptopu ya ofisini, tulijua nani anadaiwa nini na mzigo upi unaharibika kwanza. Weka hiyo nakala. Na programu yako ya mafundi iwe na njia ya SMS au ya kupigiwa simu, maana fundi bomba wa Mbagala bando linamuishia saa 6 mchana hata bila nyaya kukatika, huo nao ni miundombinu japo haupo ofisini kwako.

Seva msiweke ofisini, hilo sibishani na mtu, joto, vumbi na umeme vitaimaliza. Ila bili za seva za kukodi nje zinakuja kwa dola na 2023 na 2024 dola ilivyokuwa adimu wengi tulijifunza kuzima seva za majaribio usiku. Kama wateja wako wote wako Tanzania angalia pia watoa huduma wa hapa, wakiwa wameunganishwa TIX, pale kampuni za intaneti za nchini zinapobadilishana trafiki, data ya Sinza kwenda Kinondoni haizunguki Ulaya.

Maji nitapita haraka. Simtanki ipo? Lita ngapi, mnatumia wangapi, pampu inatumia mita ya nani? Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua DAWASA waliweka mgao mji mzima, na ofisi isiyo na maji chooni haina wafanyakazi saa 6 mchana. Fungua bomba la ghorofa utakayopanga, sio la chini. Yaonje maji, kama ni ya kisima chenye chumvi basi vitasa na koki vitaoza.

Mafuriko na barabara ni kitu kimoja hapa mjini. Msimbazi ikijaa, Jangwani inafungwa na mtu wa Kimara hafiki Kariakoo, wala haihitaji masika yote, mvua ya usiku mmoja inatosha. Tembelea jengo mvua ikiwa inanyesha au siku inayofuata uangalie mstari wa tope ukutani, na kama ni chumba cha chini angalia soketi ziko juu kiasi gani. Kisha chora wafanyakazi wako wanaishi wapi. Ofisi ya kifahari Masaki na watu wanatoka Gongo la Mboto na Chanika ni kuwalipa watu kusinzia kwenye daladala, kaa karibu na stendi au kituo ambacho pande nyingi zinafika kwa gari moja.

Kwenye mkataba usisahau kodi ya zuio, unatakiwa ukate 10% ya pango uipeleke TRA, mwenye nyumba akikomaa anataka yote mkononi basi hiyo 10% itatoka mfukoni kwako, mpatane mapema. Na malipo ya wateja chukua lipa namba za mitandao isiyopungua miwili, maana mtandao mmoja ukigoma mwisho wa mwezi dereva anasimama mlangoni kwa mteja na mzigo begani.

Kwa mil 20 yako mimi ningepanga miezi 6 ya chumba cha kawaida ghorofa ya kwanza Sinza, Kijitonyama au Mwenge, ningetenga kama mil 3 mpaka 4 kwa inveta, betri na fundi anayeeleweka, fiba moja na laini moja, AC ningeisahau mwaka wa kwanza, fanicha ningenunua za mtumba. Inayobaki ni mishahara. Ukipata chumba rudi hapa utaje mtaa, ghorofa na mita ya fezi ngapi, wapo mafundi humu watakupigia hesabu ya betri bure, ila usimpe dalali hata mia kabla hujafika pale usiku na multimita.