Kazi Yako Haitajieleza Yenyewe

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji ambaye ni mhandisi wa programu mwenye uzoefu wa miaka kadhaa. Kampuni yake imetangaza majina ya waliopandishwa vyeo, na kwa mara nyingine jina lake halimo, ilhali mwenzake aliyeingia kazini baada yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mfumo mzima, amepata cheo kile kile alichokuwa akikisubiri. Aliniuliza swali moja tu: je, aache kazi? Nimechelewa kumjibu kwa sababu jeraha lake nalijua, na sikutaka kumjibu kwa haraka jambo ambalo mimi mwenyewe sikupata wa kunijibu.

Jeraha hilo liliponipata mimi, nilikuwa katika kikosi kilichoshughulikia mfumo wa malipo. Mteja alipobonyeza kitufe cha kulipa na mtandao ukasuasua, simu yake haikupata jibu la seva ndani ya muda uliowekwa, kwa hiyo programu ikatuma ombi lile lile tena. Seva ilikuwa imekwisha kulishughulikia ombi la kwanza, ila jibu lake lilipotea njiani. La pili ikaliona kuwa malipo mapya, na mteja akakatwa fedha mara mbili. Watu wa huduma kwa wateja walikuwa wakirudisha fedha hizo mmoja mmoja, kwa mkono. Nilibuni utaratibu ambao kila ombi la malipo hupewa kitambulisho cha kipekee kabla halijaondoka kwenye simu, na seva huanza kwa kukitafuta kitambulisho hicho katika hifadhidata. Ikikikuta, hurudisha jibu lile la mwanzo bila kugusa salio. Ukisimuliwa hivi unaonekana rahisi. Ugumu ulikuwa katika maombi mawili yanayofika kwa pamoja, wakati ambapo hakuna hata moja lililokwisha kuandikwa, na kila moja likiangalia linakuta hakuna kitu. Ilibidi sharti la upekee liwekwe ndani ya hifadhidata yenyewe, ili ombi moja lipite na jingine likataliwe hata kama yamepishana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Malalamiko yalikoma, na yakikoma hakuna anayeshangilia. Watu huacha tu kuyazungumzia. Katika kipindi hicho hicho mwenzangu alitengeneza dashibodi yenye grafu za mauzo, ambayo wakurugenzi waliifungua kila asubuhi. Tathmini ya mwaka ilipofika, yeye alipandishwa cheo, nami niliandikiwa kwamba kazi yangu ni nzuri na kwamba ninahitaji kuonyesha mchango mpana zaidi. Sentensi hiyo bado inaniuma, na sioni sababu ya kuficha. Dashibodi ile ilikuwa kazi ya kuheshimika na sina kinyongo na aliyeitengeneza. Ninachokilalamikia hadi leo ni kwamba waliokaa kutupima hawakuwa na mahali popote pa kusoma nilichofanya.

Hili ndilo ninalotaka msomaji wangu alielewe kabla hajaandika barua ya kujiuzulu. Katika kampuni nyingi za programu meneja wako hatoi cheo peke yake. Huamuliwa katika kikao cha mameneja kadhaa, ambao wengi wao hawajawahi kufungua msimbo wako, yaani maandishi ya programu unayoyatunga, na meneja wako hupewa dakika chache za kukutetea kwa yale anayoyakumbuka siku hiyo. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, huhifadhi jina la kila aliyebadilisha mstari, na wahandisi wengi huamini kwamba kumbukumbu hiyo inawatosha. Haiwatoshi. Inaonyesha nani alibadilisha nini na lini, lakini haimwelezi mjumbe wa kikao tatizo lilikuwa zito kiasi gani, njia zipi zilifikiriwa zikaachwa, wala nani angeendelea kuumia lisingetatuliwa.

Kwa hiyo andika. Kabla ya kuanza kazi kubwa, andika hati fupi ya usanifu inayotaja tatizo, njia ulizozipima na sababu ya kuchagua uliyoichagua. Kazi ikiisha, ongeza aya moja inayosema kilichobadilika kwa wateja na kwa wenzako. Nilianza kufanya hivyo katika kazi iliyofuata, na mwezi uliopita nilipandishwa kuwa mhandisi mkuu. Meneja wangu aliniambia kwamba hakuhitaji kusema mengi, kwa kuwa baadhi ya wajumbe walikuwa wamekwisha kuzisoma hati zangu na walikuwa wakizitumia katika vikosi vyao. Najivunia jambo hilo kuliko cheo chenyewe.

Wapo watakaokujibu kwamba kuandika ni kupoteza muda, na watakutajia Ilani ya Agile, tamko la kanuni za kutengeneza programu lililotungwa mwaka 2001 na watu 17. Ilani hiyo inaitanguliza programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi, lakini hapo hapo inakiri kwamba nyaraka nazo zina thamani. Anayeitumia kuhalalisha kutoandika kabisa hajaisoma hadi mwisho. Tena maandishi hayamfaidii mwandishi peke yake. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyonunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 katika muda wa dakika 45 hivi, kwa sababu msimbo mpya uliwekwa kwenye seva saba kati ya nane, na ile ya nane ikaendelea kuendesha msimbo wa zamani uliokwisha kuachwa. Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu wa pili akague kazi hiyo. Mhandisi anayeandika ukurasa wa aina hiyo haonekani shujaa siku anapouandika, lakini ndiye anayestahili kupewa dhamana kubwa zaidi, na usimwachie mtu mwingine kazi ya kulisema hilo.

Sasa, je, aache kazi? Jibu langu linategemea jambo moja: mfumo ukianguka, kampuni yake hutafuta nini? Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji programu msimbo wao mtandaoni, usiku, akihangaika kurekebisha hifadhidata, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe, na data ya saa sita hivi ikapotea. Kampuni ilionyesha kazi ya urejeshaji moja kwa moja mtandaoni, kisha ikachapisha ripoti iliyoeleza kwa kina jinsi njia zao za kuhifadhi nakala zilivyokuwa hazifanyi kazi, bila kumtaja mhandisi huyo kwa jina. Mahali pa namna hiyo ukweli ulioandikwa hauwezi kugeuzwa silaha dhidi yako, na kazi yako ikiandikwa itasomwa. Lakini pale ambapo kikao cha kwanza baada ya hitilafu huitishwa kumsaka mkosaji, watu hujifunza kutoandika chochote, na mhandisi makini hufichika pamoja na mzembe. Sehemu kama hiyo iache, ndugu yangu, hata kama mshahara ni mzuri.

Katika ujumbe wako ulitaja kwa kupita tu kwamba uliihamisha hifadhidata ya wateja kwenda kwenye seva mpya bila huduma kusimama. Hilo si jambo la kutajwa kwa kupita! Chukua siku mbili uliandikie kurasa mbili: kwa nini ilibidi kuhama, ulihakikishaje kwamba data ya pande zote mbili inalingana, ungerudi nyuma vipi kama mambo yangeharibika, na nani alikusaidia, kwa majina. Mpe meneja wako hati hiyo sasa, miezi kabla ya kikao kijacho, na umwombe aisambaze kwa vikosi vingine vinavyokabiliwa na uhamisho kama huo. Akiisoma, akauliza maswali na kuipeleka mbele, baki walau hadi tathmini ijayo. Akiiweka kando, anza kuomba kazi kwingine. Hati ni mali ya kampuni na utaiacha huko, lakini kwenye usaili utakuwa na simulizi iliyokwisha kupangika kichwani, na maswali mengi ya wasaili utakuwa umekwisha kuyajibu ulipokuwa ukiiandika.