Vijana wa saiti, kizingiti chako kinamwaga maji wapi?

Wadogo zangu mlioshika mwiko juzi, tuelewane kuhusu kizingiti cha nje cha dirisha. Nyumba ya zamani inatolewa madirisha ya mbao na kuwekewa aluminiamu ya kuteleza, masika inaingia, na chini ya kila dirisha rangi imevimba. Mwenye nyumba anaambiwa silikoni, ule mpira wa kuziba kando ya fremu, imechoka. Silikoni inasingiziwa!

1. Gonga kizingiti cha zamani kwa nyundo. Kinapolia kitupu, tindua mpaka kwenye tofali. Fagia vumbi, lowanisha, paka uji wa saruji, kisha piga lipu uji ukiwa bado mbichi.

2. Ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga uliochekechwa. Mlio pwani, mchanga wa ufukweni msiulete: chumvi yake hutoka juu kama unga mweupe na kubandua rangi.

3. Hapa tukae. Mnalaza pimamaji, kiputo kinatulia katikati, mnafurahi. Kwa urefu wa dirisha, sawa. Lakini kutoka kwenye fremu kuja nje kikitulia katikati, umeharibu kazi, maana kizingiti cha upana wa sentimita 15 kinatakiwa kushuka angalau sentimita 1.5.

Halafu kitokeze sentimita 5 mbele ya ukuta, mkipima kutoka kwenye lipu iliyokamilika. Ukipimia kwenye tofali, lipu ya ukuta inakuja na sentimita 2 zake na kukumeza. Kama hakuna tofali wala zege lililotokeza tangu mwanzo, usining'inize lipu tupu, itapasuka. Mimina zege la unene wa sentimita 6 lenye nondo 2 za milimita 8.

Na bado hujamaliza. Maji yakifika kwenye ncha hayadondoki yote. Mengine hushikamana na saruji, hukunja kona, yakatambaa chini ya kizingiti mpaka ukutani, yakaingia taratibu kwenye tofali. Ndiyo yale madoa ya kahawia ndani, chini ya pazia. Kinachoyakatisha safari ni mfereji upande wa chini: upana sentimita 1, kina sentimita 1, sentimita 2 kutoka kwenye ncha. Kabla ya kumimina, pigilia kwenye ubao wa chini unaoshikilia zege kipande chembamba cha mbao kilichopakwa oili, chenye mbavu zilizochongwa mshazari kidogo ili kitoke bila kuvunja kingo. Ulisahau? Grinda, mikato miwili, tindo nyembamba. Inachosha mikono, lakini ifanye.

4. Fremu ya aluminiamu ina vitundu vidogo chini, upande wa nje. Lipu ikae chini yake, tafadhali! Ukiviziba, reli inajaa maji na kumwagikia chumbani. Funika fremu kwa tepu pia, saruji mbichi huacha mabaka yasiyofutika.

5. Funika kizingiti kwa gunia lililolowa, siku 7. Rangi baada ya wiki 4. Silikoni ya kawaida haishiki rangi, hivyo ije mwisho.

Kabla ya kushusha jukwaa, mwaga jagi la maji juu ya kizingiti, chuchumaa, chungulia chini yake. Matone yapange mstari kwenye ncha na nyuma ya mfereji pawe pakavu. Ukiona hata tone moja limevuka, usiondoke.